Orodha ya waombaji mkopo yenye namba za NIDA imesambaa WhatsApp hapa Tanga: hatari iko wapi na tuanzie wapi?

PwaniYetu_TA (muulizaji)

Wakuu, salaam.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa mmoja upande wa Ngamiani imetumwa picha ya orodha ya waombaji wa mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila mwanakikundi ameandikwa majina matatu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) nzima, simu, tarehe ya kuzaliwa, na wengine mpaka TIN. Karatasi hiyohiyo imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Lengo lilikuwa watu wahakiki majina yao, na wengi wamefurahi tu kuona wamo.

Naomba wanaoyajua haya mambo wanisaidie. Tapeli akiwa na mstari mmoja kamili wa orodha ile, anaweza kufanya nini hasa? Mama wa miaka sitini mwenye simu ya kitochi afanye nini leo hii? Na sheria inaitaka ofisi iliyotoa orodha ifanye nini? Sitafuti mtu afukuzwe kazi, nataka watu wasiibiwe.

---

LainiSafi

Ndugu muulizaji, nianze na namba yenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Maana yake ofisi ikifuta safu ya tarehe ya kuzaliwa ikaacha namba nzima, haijaficha kitu.

Namba hiyo peke yake haisajili laini. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, wakala anahitaji namba pamoja na kidole chako. Kwa hiyo watu wasikimbilie NIDA kuomba "wabadilishiwe namba". Namba ni ya maisha.

Hatari ya kwanza, na ndiyo itakayofika mapema, ni simu ya kupigiwa. Tapeli anampigia mama, anamtaja majina matatu, anamsomea namba ya NIDA, anataja na kikundi chake, kisha anasema mkopo umepita. Akishaaminika ataomba kimoja kati ya vitu viwili: pesa ya "fomu" au "kufungulia akaunti", au zile tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe mfupi muda huohuo. Tarakimu hizo ndizo anazozitaka zaidi, maana mara nyingi ni za kuingilia WhatsApp ya mama au akaunti yake ya benki. Waambieni akina mama waziwazi: anayeijua namba yako ya NIDA hajathibitisha kwamba anatoka serikalini. Baada ya orodha hii kusambaa, kundi zima linaijua.

Hatari ya pili ni namba ya siri ya pesa mtandaoni. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, lakini anayejua tarehe ya kuzaliwa huanza na mitatu tu: mwaka, siku na mwezi, mwezi na siku. Simu ikiibiwa leo na orodha iko mkononi mwa mwizi, majaribio machache aliyonayo kabla ya akaunti kujifunga yanaweza kumtosha. Mwenye namba ya siri ya namna hiyo aibadilishe leo, tena kwa mkono wake mwenyewe, asimwachie kijana wa dukani.

Hatari ya tatu watu wengi hawaijui. Ipo mifumo ya mtandaoni isiyoomba kidole. Inaomba namba ya NIDA kisha inauliza maswali: jina la mama, shule ya msingi uliyosoma, mahali ulipozaliwa. Orodha imeshatoa namba, na majibu ya maswali mara nyingi yako Facebook, kwenye picha za kuwakumbuka wazazi na makundi ya waliosoma pamoja. Picha za namna hiyo zifungwe zionwe na marafiki tu.

Sasa kazi ya leo. Kwenye kila laini anayotumia, mama apige *106#. Menyu itamwonyesha kama laini imesajiliwa kwa jina lake, na ataona namba zilizosajiliwa kwa kutumia NIDA yake. Asiishie kwenye mtandao mmoja, aangalie na mitandao mingine. Matokeo yaandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama ana simu janja, aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, awashe uthibitisho wa hatua mbili kwa tarakimu sita ambazo si tarehe ya kuzaliwa.

Ujumbe wa kitapeli ukiingia, usijibiwe. Upelekwe kama ulivyo kwenda 15040, kisha ikiombwa itumwe namba iliyoutuma. Watu wanafuta kwa hasira, na ile laini inabaki hewani kutapeli wengine.

---

Mzee_Chumbageni

Naomba tusiwatie watu hofu. Namba ya NIDA tunaiacha benki, kwa wakala, nyumba za wageni, hata kwa mwenye nyumba. Si siri kama namba ya siri ya simu. Mwaka 2019 na 2020 nchi nzima ilipanga foleni kuitaja hadharani mezani kwa wakala. Sioni tofauti kubwa ya orodha hii na yale yaliyokwisha kufanyika.

---

LainiSafi

Heshima yako mzee. Ni kweli si siri, na mimi sikusema ni siri. Tofauti iko kwenye mkusanyiko. Daftari la nyumba ya wageni lina jina na namba. Orodha hii ina jina, namba, simu, umri, kikundi na habari kwamba mtu huyu sasa hivi anasubiri pesa. Hicho cha mwisho ndicho kinachompa tapeli maneno ya kuanzia. Pia hapa hakulazimika kutafuta mtu mmojammoja, amepewa watu mamia kwenye picha moja.

---

Hoja_na_Kifungu

Upande wa sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Chini yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Sheria haichagui kati ya duka, benki na ofisi ya umma. Anayekusanya taarifa za watu ni "mkusanyaji", na kila mkusanyaji anatakiwa awe amesajiliwa Tume. Ofisi ya serikali nayo imo.

Kanuni inayogusa orodha hii ni ya madhumuni na kiasi. Taarifa zilizotolewa kwa ajili ya kuchambua maombi ya mkopo zitumike kwa kazi hiyo, na kisitumike zaidi ya kinachohitajika. Kuhakiki kama jina limo hakuhitaji tarakimu zote 20. Ofisi ina haki ya kutangaza, tena ni vizuri itangaze, kwa sababu mikopo hii imewahi kuingiliwa na vikundi hewa na wananchi kuona majina ni ulinzi dhidi ya wizi wa aina hiyo. Kosa liko kwenye safu zilizozidi, na nawasihi muandike malalamiko yenu hivyohivyo. Msije mkaomba orodha ifichwe yote, mkawapa nafasi wanaoficha majina ya vikundi visivyokuwepo.

Namna ya kwenda nalo: anza na barua kwa mkuu wa ofisi iliyotoa orodha. Ukurasa mmoja unatosha. Weka tarehe, kundi au ubao orodha ilipoonekana, safu zilizozidi, na mambo manne unayoomba: ibanduliwe na ifutwe, itolewe nyingine iliyopunguzwa, waliotajwa wajulishwe, na mjibiwe kwa maandishi. Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Bila mhuri huo utaambiwa barua haikuonekana. Usibandike ile orodha nzima kwenye barua kama kielelezo. Tumia picha uliyofunika safu za NIDA na simu, la sivyo na wewe unaisambaza.

Kimya kikizidi, au majibu yasiporidhisha, lalamika Tume, ukiambatisha barua yenye mhuri. Sheria imeweka siku 90 za kushughulikia lalamiko, na Tume inaweza kuongeza muda. Aliyepata hasara ana haki ya kudai fidia, ndiyo maana nasisitiza kila muamala, kila ujumbe na kila tarehe vitunzwe tangu mwanzo. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 100. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria, kama ni mtu binafsi, adhabu ni faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote.

Atakayejifanya mtu mwingine kwa kutumia taarifa hizo mtandaoni ana kosa lake peke yake chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15. Hilo ni la polisi, si la Tume. Ukifika kituoni usiseme tu "nimetapeliwa". Sema utambulisho wako umetumika bila idhini, taja kifungu, na usiondoke bila namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako kituoni.

---

PwaniYetu_TA

Asanteni sana. Msimamizi wa kundi ameifuta ile picha. Je, tatizo limeisha? Na kuna mtu ofisini ameuliza kwa nia njema: wao watangazeje ili watu wajitambue bila kuwaweka hatarini? Hilo nalo tunahitaji jibu la kumpelekea.

---

Masjala

Kufuta kwenye kundi ni lazima, lakini hakumalizi. Aliyetuma anaweza kumfutia kila mtu ndani ya siku mbili na kidogo hivi, na msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa wengine. Picha iliyokwisha kupakuliwa inabaki kwenye simu za watu, na simu nyingi zinapakua zenyewe. Kwa hiyo andikeni kwenye kundi, kwa upole, kila mmoja aifute kwenye hifadhi ya picha, na aliyeipeleka kundi lingine aifuate huko. Mtawapata wengi, si wote. Ndiyo maana ushauri wa LainiSafi uko palepale hata baada ya kufuta.

Sasa kuhusu ofisi, na hapa naomba mumpelekee huyo aliyeuliza kwa heshima, maana swali lake ndilo linaloweza kumaliza tatizo mwakani.

Orodha ya ubaoni iwe na safu tatu: namba ya fomu, jina, na tarakimu nne za mwisho za NIDA. Basi. Wakiwepo Asha Juma wawili, tarakimu nne zitawatenganisha. Ni za mwisho kwa makusudi. Za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, hivyo anayeonyesha za mwanzo na kuficha za mwisho amefanya kinyume. Simu haina kazi ubaoni. Mwenye namba iliyokosewa ataonekana ofisi ikimpigia, au afike mwenyewe na fomu.

Kinachoharibika zaidi ni jinsi safu zinavyofichwa. Afisa ana jedwali kubwa kwenye kompyuta, anaficha safu za NIDA na simu, anatuma faili. Anayepokea anazifunua kwa kubofya mara mbili, kwa sababu kuficha safu si kuifuta. Wengine wanageuza kuwa PDF kisha wanachora kisanduku cheusi juu ya namba; maandishi bado yako chini yake, unayanakili na kuyabandika kwingine yanatoka yote. Wengine wanapaka kwa kalamu ya kung'arisha kwenye picha ya simu, na mtu akiongeza mwanga namba zinasomeka. Njia ya uhakika ni kufungua faili jipya tupu, kunakili safu tatu zinazotakiwa tu, kuchapisha hilo, na kutuma hilo. Faili kubwa lisiguse WhatsApp kabisa.

Na hapa kwenye WhatsApp nina uchungu. Orodha zinatoka mtaani kwenda kata, kata kwenda halmashauri, kwa simu binafsi za watumishi, kwa sababu intaneti ya ofisi ni hafifu na bosi anataka majibu saa hiyohiyo. Picha inaingia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya simu ya mtumishi bila yeye kujua. Akihamishwa kituo anaondoka nayo. Simu ikiuzwa au kupelekwa kwa fundi, orodha inakwenda nayo. Faili litumwe kwa barua pepe ya serikali, lifungwe kwa nenosiri, na nenosiri litajwe kwa kupiga simu, lisiandikwe kwenye barua pepe ileile.

Karatasi pia. Chini ya tangazo iandikwe "Libanduliwe tarehe fulani", na mtu awe na jukumu la kulibandua. Likibanduliwa lichanwe au lichomwe. Karatasi zilizotumika upande mmoja hugeuzwa rasimu, au huuzwa zikafungia karanga sokoni, na majina ya watu yako nyuma. Daftari la wageni pale mlangoni nalo liangaliwe: kila anayeingia anasoma majina na simu za waliomtangulia. Funika kurasa kwa karatasi ngumu iliyokatwa nafasi ya mstari mmoja.

---

Kaole_Bagamoyo

Huku Bagamoyo shida kubwa ni nakala za vitambulisho, hasa kwenye mauziano ya viwanja. Nakala moja inapita kwa dalali, mwenyekiti, shahidi na stesheneri, na hakuna anayejua ziko ngapi. Baadaye nakala hiyo inaonekana kwenye mkataba wa kuuza kiwanja ambacho mwenye kitambulisho hajawahi kukikanyaga.

Kabla ya kutoa nakala, andika juu yake kwa kalamu ya bluu, mstari ukikatiza maandishi ya kitambulisho bila kufunika sura: "Kwa maombi ya mkopo wa kikundi tu", jina la ofisi, tarehe, saini. Wino wa bluu unasaidia kutofautisha karatasi uliyoisaini na nakala yake nyeusi. Atakayetaka kuitumia kwingine itabidi ayafute maneno hayo, na alama zitabaki. Ofisi ikikataa nakala yenye maandishi, omba uandike nyuma na pembeni, usitoe tupu.

Stesheneri: usimtumie kijana picha ya kitambulisho WhatsApp ili achapishe, maana itabaki kwenye kompyuta ya duka pamoja na za watu wote wa wiki hiyo. Nenda na kadi yenyewe, itolewe nakala mashineni mbele yako, na zilizoharibika uondoke nazo. Kama lazima faili liingie kwenye kompyuta, simama hapo mpaka lifutwe kwenye folda ya vilivyopakuliwa na kwenye pipa la kompyuta pia.

Anayenunua ardhi asiridhike na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililosajiliwa, halafu mwone muuzaji ana kwa ana na kadi yake halisi mkononi.

---

Mzee_Chumbageni

Nimewasoma wote, na hoja ya mkusanyiko nimeikubali. Naomba jambo moja liongezwe kwa wenye TIN kwenye ile orodha: wafike TRA au waingie kwenye akaunti zao za mlipakodi waangalie kama kuna biashara iliyoongezwa wasiyoijua. Deni la kodi la biashara ya mtu mwingine linachukua muda mrefu kulikana.

Na programu za mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nyingine mpya zinaweza kuibuka. Mkishapigiwa na kudaiwa mkopo msioujua, msilipe "kidogo ili waache". Malipo yoyote watayafanya ushahidi kwamba deni ni lenu. Waambieni walete mkataba, na mwangalie kama jina la mkopeshaji limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu.

---

PwaniYetu_TA

Taarifa: tumekaa na akina mama wa vikundi viwili tukapiga *106# kwa kila mmoja. Mmoja ana namba mbili asizozijua, mtandao ambao hajawahi kuutumia. Afanyeje?

---

LainiSafi

Hizo uwezekano mkubwa hazikutoka kwenye orodha hii. Laini inataka kidole, na kidole hakiko kwenye picha. Njia iliyozoeleka ni hii: mtu anasajili laini yake kwa wakala wa mitaani, wakala anasema "mama, kidole hakijasoma, rudia", anarudia mara tatu, na moja ya zile mara ilisoma. Inayofuata imesajili laini nyingine. Watu wenye vidole vilivyochakaa kwa kazi za shamba na kuvua samaki ndio wanaokamatwa zaidi, kwa sababu kidole kutosoma ni jambo walilolizoea. Safari nyingine mama adai kuona kioo cha kifaa kila anaporudia, na akimaliza apige *106# hapohapo kabla ya kuondoka mezani.

Kwa sasa aende duka lenyewe la huo mtandao, si kwa wakala, akiwa na kitambulisho. Asizipigie namba hizo kwanza. Mwenye nazo akishtuka atahamisha pesa na kuzitupa. Dukani aseme: "Namba hizi zimesajiliwa kwa NIDA yangu, sizitambui, naomba ziondolewe." Watamhakiki kwa kidole. Aulize kama zina akaunti ya pesa na kama kuna mkopo wa simu uliochukuliwa, kisha aombe majibu hayo kwa maandishi au namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Kama pesa imepita humo, apitie polisi achukue RB siku hiyohiyo, ili tarehe ya kukana laini iwe mbele ya lolote litakaloibuka baadaye.

Na laini yake ya kila siku aiangalie kwa wiki hizi. Mtandao ukipotea ghafla mahali ambapo jirani wa mtandao uleule anao, asisubiri asubuhi. Achukue simu ya mtu, apige 100 huduma kwa wateja, aombe akaunti ya pesa ifungwe kwanza na laini baadaye. Namba ya siri ya kadi ya simu inazuia mwizi aliyeshika simu mkononi, lakini haizuii mtu aliyerudishiwa laini yako kwenye kadi mpya. Dhidi ya huyo kinachosaidia ni kuwahi tu.

Apige tena *106# baada ya siku chache, ahakikishe zile mbili zimetoka kweli. Kuambiwa "tumezitoa" na kutoka kwenye mfumo huwa ni siku tofauti.